Mkono Usiojua Chumvi

Somo yangu hakuwahi kufika mahali, alikuwa anapita. Ndivyo alivyosema mwenyewe, kila siku, kila nyumba, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje: "Mie napita tu." Halafu anavua ndara, anakaa mkekani, anaegemea nguzo, ananyoosha miguu, na haondoki mpaka chungu kigeuzwe mdomo chini. Mama yangu akiiona ile kanga yake inachomoza kwenye kona ya njia, anaongeza maji kwenye sufuria ya ugali. "Mpitaji huyo," anasema, na mama alikuwa na sauti ya kulalamika hata akishukuru. "Apite, apite. Mbona kwa wenzetu hapiti."

Jina lake silitaji. Si kwamba nimelisahau. Kwetu mwanamke aliyekufundisha ukiwa mwari humwiti kwa jina. Wewe unamwita somo, naye anakuita somo, mnaitana hivyo mpaka mmoja wenu afukiwe. Sokoni Chikongola ukiita "somo" wanageuka wanawake kumi, kila mmoja na wake. Mie wangu alikuwa hageuki. Anasimama, anakuacha umfuate, kisha anakuuliza mbona unampigia kelele.

Katoka wapi, mtoto wa nani, sijui. Wengine walisema ng'ambo ya Ruvuma, wengine walisema Mikindani hapo hapo. Ukimuuliza yeye anasema, "Kwani unataka kunioa?"

Mfupi, mwembamba, na sauti ya mkwaruzo, kama mtu anayeongea huku anapuliza moto. Kweli alipuliza moto maisha yake yote, maana kazi yake ilikuwa kupika chakula na kukiuza nje ya geti la bandari, pale Mtwara. Makuli wakitoka kupakia magunia wanamkuta na majiko yake matatu ya mafiga. Kwenye pindo la kanga alifunga ugoro, kwenye mkono wa kulia alishika upawa. Ule upawa sikumbuki kama niliuona ukikoroga kitu zaidi ya nilivyouona ukipiga mtu vidole.

Sasa nisikilizeni, maana huyu mama alinichosha. Mtu akikuambia jambo moja na kutenda lingine, unamwita mwongo, unaendelea na safari zako. Somo hakuwa mwongo. Alikuwa kitu kingine ambacho sijakipatia neno.

Tulipokuwa wari alitufundisha mume anavyostahiwa. Maji ya kunawa yawe yamewekwa kabla hajauliza. Akikusemesha, meza mate kwanza, ndipo umjibu. Akikasirika, tafuta kazi ya mbali kidogo, mpaka apoe. Maneno mazuri, yana mpango. Na yeye alikuwa ameacha waume watatu. Hakuachwa, yeye ndiye aliyewaacha, na wa mwisho walimwona anamfuata mpaka Chikongola amembebea sufuria aliyoisahau. Nikamuuliza siku moja, "Somo, mbona wewe wanaume wanakushinda?"

Akanitazama kama nimemmwagia maji. "Mie nakufundisha kupika pilau. Nimekuambia mie nakula pilau?"

Au geti. Akija Ziwani, kwenye mashamba yetu, anawakusanya akina mama na kuwaonya: "Wafungieni watoto wa kike. Pale getini pana wanaume hawana haya. Msichana hapiti pale." Mama anauliza, "Na wewe je?" Mnajua alivyojibu.

Na sifa zake zilikuwa kichwa chini miguu juu. Kizuri alikitukana, kibaya alikisifu. Akiletewa mtoto mzuri amwone, mashavu haya, macho haya, anasema, "Mm. Ataharibika tu." Akiletewa mwenye kichwa kama boga anasema, "Huyu kaumbwa kwa nafasi." Mama wa mwenye boga anarudi nyumbani anacheka, mama wa mtoto mzuri ananuna mwezi mzima. Ukitaka kujua jambo lako likoje, msikilize somo, kisha ligeuze. Mie mwenyewe nilijua hivyo, na bado nilisahau kugeuza siku niliyotakiwa nigeuze.

Walipoleta kisomo cha watu wazima, tuliitwa wote, kina mama na kanga zetu, tukapangwa kwenye mabenchi. Mwalimu, mtu mpole, sauti yake ya kubembeleza kama anamlisha mgonjwa: "Akina mama, leo kila mmoja atajifunza kuandika jina lake." Somo akasimama. "Jina langu likikaa ubaoni kila anayepita atalisoma." Mwalimu akasema, "Ndiyo faida yake, mama." Somo akasema, "Hiyo kwako ni faida?" Akatoka. Na mie mwari wake nikatoka nyuma yake, adabu ndivyo inavyotaka. Hiyo ndiyo shule yangu yote. Kuanzia benchi mpaka mlangoni.

Lakini nilikuwa nataka kuwaambia habari ya chumvi.

Baba yangu alikuwa mtu wa mikorosho. Kabla hajasema kitu anakohoa mara tatu, na jambo likiwa zito Kimakonde kinamtoka, anasema "nangu" badala ya mimi. "Hm, hm, hm. Nangu nimesema." Ukisikia nangu, kimbia. Msimu wa korosho alikodi nafasi kwenye lori, na mwaka mmoja, mie nimeshacheza unyago na nimetoka mwari, akanipandisha juu ya magunia nimshikie. Tukafika bandarini. Malori yamepanga foleni, meli imesimama pale kama nyumba ya mtu tajiri. Na nje ya geti moshi. Somo yangu kainama kwenye chungu, wanaume wazima wamesimama mstari mbele yake na sahani mikononi, kimya, wanangoja awapakulie. Mmoja akataka kutangulia. Somo akauinua ule upawa, na yule mtu na misuli yake yote akarudi nyuma.

Nikakaa juu ya gunia nikasema, mie nataka hii. Sikutaka mjini, wala gauni. Nilitaka chungu changu mwenyewe na mstari mbele yake.

Nilimwambia baba njiani kurudi. Akakohoa hata mara saba. "Nangu nikuzae, nikulee, ukawakaangie makuli samaki?" Nikasema, "Somo mbona anapika?" "Somo ni somo. Wewe una mtu wako." Ndivyo nilivyoambiwa kuwa nina mtu wangu, juu ya lori tupu linarukaruka.

Mtu wangu alikuwa mtoto wa rafiki yake baba. Mashamba yao yalipakana, mikorosho yao na yetu ilikuwa imeshashikana matawi, na wazee wawili waliona sasa na watoto wafuate. Yeye mwenyewe hakuwa mbaya. Mpole, mrefu, anasema polepole kama anayetembea gizani. Tatizo lake lilikuwa moja. Ukimsalimia, "Habari za asubuhi," anajibu, "Nzuri. Ule mkorosho wa pembeni umeanza kutoa maua." Unamuuliza mama yake hajambo, anasema, "Hajambo. Ameotesha mikorosho sita." Nikamwita Bwana Mikorosho. Nikajiona uzeeni nimekaa naye barazani, ananieleza maua.

Kwetu, kabla neno halijafungwa, wageni huja kula chakula cha binti. Anapika binti peke yake, na somo wake ndiye anayeonja kwanza, mbele ya wote. Akisema kimekolea, watu wananawa. Akisema hakijakolea, wageni wanaaga kwa heshima, na habari inaishia pale, hakuna aliyemkataa mtu. Nikaona mlango huo. Nikasema, nitautumia.

Samaki walikuwa changu, nazi nimekuna mwenyewe, bamia changa. Chumvi ya mawe ilikuwa kwenye kifuu. Nikatia ngumi moja, ya chakula. Nikatia ya pili, ya baba. Nikatia ya tatu, ya mikorosho. Naigeuza hiyo ya tatu, somo kasimama mlangoni.

"Umeshatia?"

"Nimetia."

Akakitazama chungu. Akanitazama mie. "Mie napita tu," akasema, akaenda kukaa na wageni.

Nikajibanza nyuma ya mlango. Somo akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Niliona shingo yake inasimama. Jicho moja likajaa maji. Nikasema moyoni, haya sasa, sema. Akameza. Akafuta mdomo kwa pindo la kanga, akasema kwa ile sauti ya mkwaruzo, "Kimekolea. Karibuni."

Basi wakala. Mngewaona. Adabu mdomoni, moto kooni. Mama yake Bwana Mikorosho alikuwa na sauti nyembamba ya puani, kila tonge anasema, "Maashaallah, mkono huu, maashaallah, naomba maji." Baba yake alikula bila kupumua, kama mtu anayezamia. Bwana Mikorosho mwenyewe akamaliza sahani, akasema, "Kitamu. Kama korosho za kukaanga." Somo ameshasema kimekolea, nani aseme hakijakolea? Angemtukana somo, amtukane baba mwenye nyumba, aitukane na bismillahi aliyoanzia. Wakakikomba chungu, wakanywa mtungi mzima, wakapanga harusi iwe baada ya msimu wa korosho.

Nilimkamata nyuma ya nyumba.

"Somo, ulionja."

"Nilionja."

"Na ukasema kimekolea."

"Ulitaka nisemeje? Niseme mwari wangu, niliyemfundisha mie, kawapikia watu maji ya bahari? Kesho nani atanipa binti yake?"

"Kwa hiyo mie niolewe ili wewe usiharibikiwe jina."

"Jina langu hulitaji," akasema, akanusa ugoro wake, akaondoka.

Siku tatu zikapita. Siku ya nne baba na yule rafiki yake wako barazani wanachambua korosho, mara lori likasimama barabarani, somo akashuka. Safari hii hakusema anapita. Hakukaa pia. Akasimama mbele ya wale wazee wawili.

"Nimekuja kumchukua mwari wangu. Mkono wake haujajua chumvi."

Nyie wa siku hizi mnaweza kucheka. Kwetu chumvi ina mambo yake. Mwanamke ana siku za kutia chumvi kwenye chungu na siku za kumwachia mwenzake atie, na mengine siyasemi. Ni mafundisho ya ndani. Mwanamume akisikia somo anataja mkono wa mwari na chumvi, kazi yake ni kutazama chini. Baba mkwe wangu mtarajiwa akaanza kukagua kucha zake za miguu, moja moja. Baba akakohoa.

"Hm, hm. Nangu nimesema harusi baada ya msimu."

"Na mie nimesema haujajua chumvi. Nikueleze?"

"La," baba akasema upesi. "Usinieleze."

"Basi atakaa kwangu mpaka mkono ujue."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ujue."

Nikafunga kanga zangu mbili na kisahani changu. Mnadhani nilifurahi? Nililia kutoka Ziwani mpaka mjini. Mwari aliyerudishwa kufundishwa tena huimbwa kisimani kwa kumcheka. Halafu huyu ni yule yule aliyeniuza juzi kwa tonge moja, leo ananifuata na lori. Nikamwambia njiani, "Somo, chumvi ile si ilikuwa imekolea?" Akasema, "Kwa siku ile." Nyie, niambieni mtu kama huyo unamshika wapi.

Mjini alikuwa na chumba kimoja Chikongola, nyuma ya maduka. Mie nililala chini ya vyungu. Alfajiri tunakwenda getini, kuni kichwani. Siku ya kwanza akanikalisha nyuma ya jiko la tatu. "Usimtazame mtu usoni. Tazama sahani. Mtu akileta sahani chafu, mwenyewe mchafu. Akiikung'uta kwanza, ana mama." Nikasema, "Ulisema msichana hapiti hapa." Akasema, "Wewe unapita? Si umekaa."

Nikapika. Muhogo, mbaazi, samaki, ugali, uji wa asubuhi. Nikipika vizuri anasema bado. Nikipika vizuri zaidi anauliza nani kakiharibu. Makuli wanakomba sahani, wanarudi na sahani tena, yeye anatikisa kichwa: "Wana njaa tu, maskini." Mwaka wa pili akaniachia jiko moja. Mwaka wa tatu mawili. Hakusema amenipa. Alikuwa anakwenda kuzungumza kwenye malori, anachelewa kurudi.

Na kila msimu baba alikuja. Hapo ndipo nilipokuwa nakonda. Lori la Ziwani linafika, wanaume wa kijijini wamekaa juu ya magunia wanatega masikio, baba anashuka na kifurushi cha chumvi kimefungwa kwenye karatasi ya kaki. Anasimama mbele ya mstari mzima, anakohoa mara tatu.

"Somo. Chumvi hii hapa, ya kumfundishia. Mwanangu ameshajua?"

Somo haachi kukoroga. "Bado."

Baba anakaa, anakula sahani tatu. Tatu, mie nazihesabu. Anafuta mdomo, anawaambia walioko juu ya lori, "Ni kweli. Bado." Na mie neno pekee alilonipa ni "Ongeza mchuzi."

Mnaona nilivyokuwa? Riziki yangu yote, mafiga yangu, mstari wangu, imening'inia kwenye neno moja la mama mmoja ambaye hana mpango. Siku atakayoamka vibaya akasema "amejua," napandishwa lori. Bwana Mikorosho alingoja msimu mmoja, akaoa mwingine, na wakaotesha watoto kama alivyotaka. Lakini wakaja wengine kuniuliza: mwenye duka, mjane wa Naliendele, hata fundi wa baiskeli. Baba akawajibu wote, mpaka somo aseme. Kwa hiyo siku lori la Ziwani likionekana, mkono wangu ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye kifuu cha chumvi, nikiharibu tena. Upawa unashuka. "Chakula cha makuli usikichezee."

"Baba akikiona kizuri?"

"Kwani ni kizuri?"

Na baba nikamnunia. Mtu anakula sahani zangu tatu kisha anatangaza sijui kupika. Nilijifunza kumwigiza, getini pale, makuli wanalala chini kwa kicheko: "Hm, hm, hm. Ni kweli. Bado. Ongeza mchuzi." Misimu sita nilimwigiza baba yangu zaidi kuliko nilivyozungumza naye.

Halafu akatokea mtu wa winchi. Alikuwa anaelekeza mizigo ikishuka melini, kwa mikono, juu, chini, simama, na kuongea kwake kulikuwa hivyo hivyo. Sahani yake aliikung'uta kwanza. Siku moja akabaki nyuma ya mstari mpaka watu wakaisha, akasema, "Ukiolewa na mie, utapika wapi?" Nikasema, "Hapa." Akasema, "Basi." Hayo ndiyo maneno yetu yote ya uchumba, na mie yalinitosha.

Akatuma watu kwa baba. Baba akakohoa akasema, "Mpaka somo aseme." Lile neno nililokuwa naliombea misimu sita lisitoke, sasa ndilo ninalolitaka, na lisipotoka mtu wangu wa winchi atazeeka kwenye mstari.

Wakati huo somo miguu ilikuwa imemkataa. Alikuwa amehamia Ziwani, mwaka ule watu walipohamishwa wakae pamoja kijijini, nyumba zikapangwa mistari, milango yote itazame barabara. Yeye yake ikatazama nyuma. Walipomuuliza, akasema barabarani kila mtu anajua nani anapita, yeye anataka kuwaona wanaopita nyuma.

Nikachukua chungu changu kizuri. Nikapika kolekole kwa nazi, nikasonga ugali wa muhogo, nikakifunga kwa kanga, nikapanda lori. Nikamkuta kakaa kwenye ule mlango wake wa nyuma, jicho moja limeingia ukungu. Akanawa. Akala. Hakuinua kichwa mpaka mifupa ya kolekole ikawa safi kama kitana.

"Somo, sema neno."

"Neno gani?"

"Mkono wangu umejua chumvi?"

"Tangu lini unataka uwe umejua?"

"Kuna mtu."

"Wa winchi."

"Nani kakwambia?"

"Watu hupita." Akanusa ugoro, akapiga chafya, akajifuta taratibu, hana haraka, mie naungua. "Neno si langu. Ni la baba yako."

Nikamwambia somo, kwa heshima ya wote walionizaa, nimechoka. Baba anasema wewe, wewe unasema baba. Misimu sita mmenifanya mpira.

Akacheka. Mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka, na kicheko kilikuwa cha mkwaruzo vile vile.

"Siku ile ya wageni," akasema, "uliponikamata nyuma ya nyumba ukanifokea, kisha nikaondoka. Nilikwenda wapi? Nilipita mtungini. Baba yako kasimama pale anakunywa maji. Kata ya nne. Akaniambia, somo, huyu mtoto ametia makusudi. Nikasema, ndiyo. Akasema, nangu nimeshampa mwenzangu neno langu mbele ya watu. Siwezi kulirudisha. Wewe unaweza?"

Nikaketi kizingitini.

"Na kila msimu anakuja kuuliza?"

"Aulize watu wasikie. Akirudi na jibu langu, nani amdai binti?"

"Na zile chumvi?"

Akaniambia niingie ndani, nivute kapu lililoko chini ya kitanda. Nikavuta. Vifurushi sita, karatasi ile ile ya kaki, havijafunguliwa, chumvi imeganda kama mawe ya kujengea.

"Sikutumia hata kimoja," akasema. "Chumvi ya kufundishia hupewa aliyefundisha. Wewe sikukufundisha. Mtu asiyejua chumvi hawezi kukiharibu chungu vile, kwa ngumi tatu tu, na samaki wasivunjike. Nilipoonja nikasema huyu sina tena la kumfundisha."

"Misimu sita, somo. Nimemnunia baba yangu misimu sita. Ulishindwa nini kuniambia?"

"Nikuambie wewe?" Akanigeuzia lile jicho zima. "Wewe na mdomo huo? Ungemwigiza baba yako getini anavyoniomba, neno kwa neno, na kikohozi chake. Kabla ya adhuhuri Ziwani nzima ingejua."

Ningebisha. Nilifungua mdomo nibishe. Lakini mnanisikia nyie wenyewe hapa, tangu nimeanza.

"Mpelekee baba yako kapu lake," akasema. "Mwambie nimemaliza."

Nikajitwika kapu. Zito, shingo inaingia ndani. Nikatembea mstari mzima wa nyumba mpaka kwa baba. Alikuwa barazani anasuka kamba. Nikalitua mbele yake. Akafungua karatasi ya juu, akagonga chumvi kwa ukucha, ikalia ko.

"Hakutumia?"

"Hata kimoja."

Mama akasema huko jikoni, kwa ile sauti yake, "Na mie kila msimu naazima chumvi kwa jirani. Kila msimu. Ati imekwenda kumfundisha mtoto."

Baba akatazama vile vifurushi. Mdomo wake ulikuwa unakwenda upande, nikajua anazuia kicheko, na sikuwahi kumwona baba akizuia kicheko kwa ajili yangu.

"Baba," nikasema, "ulijua."

Akakohoa. Moja, mbili, tatu.

"Nangu," akasema, "nilikunywa kata nne za maji."

Akarudia kamba yake. Akaisuka kidogo. Kisha bila kuniangalia akauliza, "Huyo mtu wa winchi. Kwenye sahani anataka chumvi kiasi gani?"

"Ya kawaida."

"Aje."

Tukasikia fimbo inagonga nje, polepole, na ndara zinaburuzwa. Kolekole mzima bado yuko tumboni mwake, na miguu ile haijamfikisha hata kisimani mwezi mzima.

"Mie napita tu," akasema mlangoni, akavua ndara.

Mama akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali.